Shingo Thelathini na Moja

Jumatatu, 2 Juni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa jiweni, Keshero. Baridi. Ziwa limetulia. Espérance alileta chai ya tangawizi kwenye chupa yake ya kijani, kama kila Jumatatu. Ila leo vikombe vilikuwa vitatu.

Kikombe cha tatu ni cha Josué. Mpiga picha, ametoka Bukavu wiki iliyopita. Espérance mwenyewe ndiye aliyemwita. Hakuniuliza.

Miaka mitano nafanya kazi hii na sijaiandika hata siku moja. Niiandike leo, kabla mtu hajaniambia kwamba ilianza na yeye.

Mimi na Espérance tunahesabu fisi maji wa ufuko huu, kutoka Keshero hadi karibu na Mugunga. Yeye ni mwanabiolojia, watu wote wanamwita Docteur. Mimi ni mpiga picha wa harusi na wa vitambulisho, nina studio mtaa wa Mapendo. Fisi maji akipata samaki huinua kichwa ili atafune, na hapo shingo inaonekana. Shingo ina madoa meupe, na hakuna wawili wenye madoa sawa. Mimi napiga shingo. Espérance analinganisha. Picha nazibandika kwenye albamu, na albamu yenyewe ni ya harusi, ina mawaridi mekundu juu, kwa sababu siku tulipoanza ndiyo iliyokuwepo dukani kwangu. Mpaka sasa wako kumi na tisa. Namba moja ni Rozari, jike. Madoa yake yamejipanga kama shanga za rozari. Huyo nilimwona mimi kabla ya Docteur yeyote.

Josué alikaa mahali pangu, pale jiwe linapoingia ndani kama kiti. Yeye hakujua. Espérance anajua, na alimmiminia chai palepale.

Jumanne, 3 Juni

Josué ananiita Mama Grâce, kwa heshima, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza. Kila sentensi. Nimemzidi miaka sita tu.

Sikusema lolote asubuhi yote. Hakuna aliyeona.

Alhamisi, 5 Juni

Lenzi yake ni ndefu kama mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. Yangu imefungwa kwa utepe wa gundi tangu harusi moja ya Mapendo ambapo shemeji wa bwana harusi aliiangukia.

Leo ametuonyesha picha zake. Matone ya maji juu ya sharubu, moja moja. Jicho linang'aa. Samaki bado ana uhai mdomoni. Espérance alishika kifua.

«Kavira, angalia. Hata ndevu unaweza kuhesabu.»

Nikaangalia. Nikasema ni nzuri. Ni nzuri kweli, na hapo ndipo inapouma. Ingekuwa mbaya ningelala vizuri.

Miaka mitano napiga shingo zilizo wazi, zenye kazi, na sijawahi kuona Espérance akishika kifua. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Marehemu mama alikuwa akisema hivyo juu ya wake wadogo, nami nilidhani hayanihusu.

Jumamosi, 7 Juni

Harusi ya Mapendo, watu wengi, vumbi la kiangazi juu ya keki. Nimefuta kadi yote ya kamera ili nipate nafasi. Picha za fisi maji za wiki hii ziko salama kwenye kompyuta ya studio.

Jioni nimeanza kupanga albamu ya maharusi. Katika albamu ya harusi hakuna anayetazama nje ya ukurasa. Wakitazama nje wanapeana mgongo, na wakipeana mgongo ndoa haifiki Krismasi. Ndivyo watu wanavyoamini hapa, na mimi siwezi kubishana na mama wa bibi harusi. Mmoja aliwahi kunitupia albamu mezani: umevunja ndoa ya mtoto wangu. Tangu hapo, picha iliyotazama upande mbaya naigeuza kwenye kompyuta, kushoto inakuwa kulia, kama kwenye kioo, halafu naihifadhi juu ya ile ya kwanza. Hakuna anayejua. Leo nimegeuza tisa huku naongea na mume wangu kwenye simu. Yuko Butembo na maharage yake. Barabara bado haipitiki, anawaza kuzungukia Uganda. Nilimweleza habari za Josué. Akacheka, akasema, «Kavira, wivu ni kidonda.» Najua methali hiyo. Najua na mwisho wake: ukishiriki utakonda. Nikamwambia sijakonda.

Jumapili, 8 Juni

Misa. Baada ya misa Espérance huwa anakuja kula kwangu. Tangu mume wangu akwame kule hajakosa Jumapili hata moja. Nilipika sombe na samaki.

Hakuja. Alituma ujumbe: amempeleka Josué kuona ufuko wa Mugunga, atanieleza.

Mugunga. Ufuko huo nilimwonyesha mimi. Nilitembea juu ya mawe ya moto wa volkano na ndala iliyokatika, nikimbebea begi.

Sombe nimempa jirani. Sikutaka kuiona.

Jumanne, 10 Juni

Mkutano na wavuvi umepangwa Jumamosi ya tarehe 21. Ndiyo siku kubwa ya mwaka kwetu. Miaka miwili iliyopita wavuvi walikubali kutoa nyavu zao katika kihori kidogo cha Keshero, ambamo fisi maji wanazalia. Fisi maji akinaswa kwenye wavu hawezi kupanda kupumua. Anakufa maji kama mtu. Sharti la wavuvi lilikuwa moja, na Espérance alilikubali mbele ya wote: wakifika thelathini, nyavu zinarudi. Kihori ndicho mahali pekee ambapo asiye na injini anaweza kupata tilapia. Si watu wabaya. Wana njaa, hasa mwaka huu.

Kwa hiyo hesabu ndiyo kila kitu. Wakiwa kumi na tisa, hata ishirini na mbili, kihori kinabaki kimya mwaka mwingine.

Espérance anataka safari hii picha zipangwe upya. «Josué atatengeneza kwenye kompyuta yake, itakuwa safi, propre.» Nikasema hapana. Nimesema kwa sauti ambayo hata mimi nilishangaa. Albamu ni yangu. Atakayepanga ni mimi. Josué akasema haraka, «Ni sawa, Mama Grâce, ni kazi yako.» Kana kwamba ni yeye wa kunipa.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemaliza. Siku tatu. Sijawahi kutengeneza albamu nzuri namna hii, hata ya binti wa tajiri.

Zake nimeziweka kama zilivyo. Sikutaka kuzigusa hata kwa kidole. Zangu nimezifanyia kazi moja baada ya nyingine: mwanga, ukingo, rangi ya maji. Na zilizotazama nje nimezigeuza. Zilikuwa kumi na mbili. Mkono unajua njia wenyewe, sikufikiri. Sasa ukifungua ukurasa, zangu zote zinatazama ndani kama maharusi, na zake zimekaa ovyo, huyu huku, huyu kule. Atakayefungua ataona nani ni fundi.

Nimeweka zote kwenye kifaa cha kuhifadhia nikampelekea Josué. Kompyuta yake itazilinganisha na zile za zamani.

Jumatatu, 16 Juni

Sikuamini. Wapya kumi na wawili. Shingo ambazo hazifanani na yeyote kati ya wale kumi na tisa. Na wote kumi na wawili wamo katika picha zangu.

Josué hakupata mpya hata mmoja.

Espérance alikuja mbio studio, akaniacha nimeshika kichanio cha mteja, akanikumbatia. «Kavira, douze! Peke yako! Miaka yote tulikuwa tunapita pembeni yao!» Alikuwa analia. Mteja akapiga makofi bila kujua anapiga kwa sababu gani.

Nimepika kuku. Espérance alikula kwangu. Alimwalika na Josué, ni sawa, aje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Josué alikaa na albamu mapajani muda mrefu, akifungua ukurasa huu, akirudi ule. Ana wivu, nikajisemea. Nimelala kama mtoto.

Jumatano, 18 Juni

Nibandike namba mpya, ndiyo kazi niliyokaa kufanya. Namba ishirini. Ishirini na moja. Nikafika ishirini na saba.

Jike, ameinua kichwa, mawimbi madogo kifuani. Nyuma yake, mbali, mtumbwi wa Papa Bwira, mkubwa wa wavuvi. Nilikumbuka asubuhi hiyo, tulisalimiana kwa mkono. Papa Bwira anapiga kasia kwa mkono wa kushoto. Ufuko mzima unajua, wenzake wanakataa kukaa naye mtumbwi mmoja kwa sababu anawagonga.

Kwenye picha anapiga kwa mkono wa kulia.

Nina kioo cha mkononi, wateja wanakitumia kuchania nywele. Nikakisimamisha kando ya ukurasa. Ndani ya kioo madoa yakajipanga kama shanga.

Rozari. Namba moja ni Rozari na namba ishirini na saba ni Rozari.

Nikapita na kioo kwa wote kumi na wawili. Sina haja ya kuandika. Ni wale wale. Doa likigeuzwa kushoto kulia, kompyuta inaona shingo nyingine. Wapya wangu nimewazaa mimi, mezani kwangu, kwa kutaka tu ukurasa upendeze kuliko wa Josué.

Simu ilikuwa palepale. Ningepiga. Dakika mbili zingetosha.

Alinikumbatia. Miaka mitano hajawahi kunikumbatia namna ile. Nikimwambia, atakumbuka kwamba anaye Josué ambaye picha zake hazidanganyi.

Nitamwambia kesho.

Ijumaa, 20 Juni

Sijamwambia.

Jumamosi, 21 Juni

Mkutano, uani kwa Papa Bwira. Bugali na sambaza, visamaki vya kukaanga. Wanaume ishirini hivi, na wake zao wakisimama nyuma, na hao ndio walionitia hofu kuliko waume.

Espérance alisoma hesabu. Thelathini na moja. Sauti yake ilikuwa na furaha na huzuni pamoja. Anajua maana yake kuliko wote.

Papa Bwira alisimama. «Docteur, ni we mwenyewe ulisema trente. Leo iko trente et un. Batoto banalala na njaa, na samaki iko pale, tunaiangalia na macho tu. Tunarudisha nyavu.»

«Nilisema,» Espérance akajibu. «Siwezi kugeuza neno langu.»

Albamu ilikuwa kifuani kwangu. Papa Bwira akanyoosha mkono aione. Nikamwambia, «Papa, mikono yenu iko na mafuta.» Watu wakacheka. Akajifuta kwenye suruali, akacheka na yeye, akaacha.

Ningesema pale. Kinywa kilikuwa kimejaa sambaza, nikaendelea kutafuna hata zilipokwisha.

Njiani Espérance alisema tumefanya kazi nzuri kupita kiasi, kazi imetushinda kwa uzuri wake. Akanishika mkono. Ni mimi aliyenishika mkono, si Josué. Niandike ukweli: hata katika hali ile, nilifurahi.

Jumatatu, 23 Juni

Nyavu zimeingia kihorini. Vipande vya ndala, vyekundu na vya bluu, vinaelea kwenye mstari toka jiwe hadi matete. Nilihesabu mistari minne.

Nimesema naumwa kichwa. Nimerudi nyumbani bila kunywa chai.

Jumatano, 25 Juni

Josué alikuja studio. Alitaka picha za pasipoti. Nikamkalisha mbele ya shuka jeupe, nikamwambia anyooshe shingo. Nilipomaliza hakuinuka.

«Mama Grâce, Papa Bwira anapigaka kasia na mukono gani?»

Nilikuwa nimempa mgongo. Nikasema, «Kushoto.»

«Mi niliona jana. Nilikuwa naangalia zile foto tena.» Akafungua kifungo cha kola. «Sitamwambia Docteur. Iko yako kusema.»

Kisha akaaga kwa adabu, kama kawaida yake.

Ningependa angenitisha. Angeniambia, nipe nafasi yako nami ninyamaze. Ningependa acheke. Lakini ameniachia mlango wazi, akaondoka polepole asije akanisukuma. Hata katika hili ameniponda. Lenzi bora, na roho pia bora. Nimemchukia leo kuliko siku zote.

Alhamisi, 26 Juni

Sikwenda.

Nilifika kona ya kwa Espérance. Dirisha lilikuwa wazi, nikamsikia anacheka ndani, na sauti ya Josué. Sijui walicheka nini. Labda si mimi. Nikageuka.

Najua ninachofanya. Nyavu ziko majini, nami naona wivu wa kicheko.

Ijumaa, 27 Juni

Saa mbili asubuhi Papa Bwira alituma mtu: njooni, mmoja amenaswa.

Walikuwa wamemweka kwenye beseni la kufulia, chini ya gunia. Mke wa Papa Bwira alikuwa amechomeka tawi la majani pembeni. Sijui kwa nini. Hakuna aliyemwuliza.

Espérance akapiga magoti. Akatoa gunia, akaweka kiganja chini ya taya na kuinua kichwa taratibu, kama alivyokuwa akijiinua mwenyewe akila. Shanga zote zilikuwepo. Maji yalikuwa bado yanatoka puani. Mwili ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Miaka mitano nimemwona kwa mbali tu.

«Ni Rozari,» Espérance akasema.

Josué alikuwa amenishikia albamu. Hakuifungua.

Espérance akajifuta pua kwa mkono wa nguo, akajikaza, akasema kwa ajili ya wavuvi zaidi kuliko kwa ajili yetu: «Haya. Tumebaki na trente.»

«Hapana,» nikasema. «Kumi na nane.»

Nimesema hilo tu mwanzoni. Wote wakanitazama. Kisha nikachukua albamu kwa Josué, nikafungua ukurasa wa kwanza na wa ishirini na saba, nikaeleza. Harusi, mgongo, kioo, vyote. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo la misa. Espérance hakuniangalia usoni, alikuwa anaangalia mikono yangu.

«Ulijua tangu siku gani?»

«Tangu Jumatano ya wiki iliyopita.»

«Mbele ya réunion.»

«Mbele.» Kabla ya mkutano, kabla ya nyavu.

Akamrudishia Rozari gunia, akafunika vizuri hadi miguuni. Akainuka, akapita karibu nami akaenda. Bega lake halikunigusa. Kulikuwa na nafasi ndogo sana pale na bado halikunigusa.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekwenda peke yangu kwa wavuvi. Espérance alitaka aende yeye, alituma ujumbe hivyo. Nikajibu kwamba deni la ulimi hulipwa na mwenye ulimi. Hakunijibu.

Uani ule ule. Hakuna sambaza. Nimesimama, sikupewa kiti, na sikustahili.

Papa Bwira alinisikiliza hadi mwisho. «Kwa hiyo mulitudanganya.»

«Mimi, Papa. Si Docteur. Wala yule wa Bukavu.»

«Mulitupatia nyavu, sasa munakuja kuitoa tena. Nimwambie nini bibi huyu?» Akaonyesha mke wake. «Jana batoto balikula samaki. Kesho nibaambie iliogelea ikaenda?»

Mke wake alisema kitu kwa Kihunde, kifupi, na wanawake wengine wakatazama chini.

Akaomba albamu. Safari hii nikampa. Akajifuta mikono kwanza, kwenye suruali ile ile, akiniangalia. Akafungua hadi ishirini na saba. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

«Huyu si mi. Mi ni wa kushoto tangu kwa mama yangu.» Akaweka kidole juu ya mtumbwi mdogo. «Siku ile ungenipa hii kitabu, ningekwambia palepale. Ulisema mikono yetu iko na mafuta.»

Ndiyo. Nilisema hivyo.

Walijadili muda mrefu, nami nikiwa nimesimama. Mwishowe Papa Bwira akaja. Nyavu zitatoka Jumatatu. Lakini hesabu nyingine haifanywi tena bila wavuvi. Picha zote ziletwe pale uani, kabla ya kompyuta yoyote, watu waone. Na mpiga picha atakayeingia majini ataingia mtumbwi wa Papa Bwira. «Huyu mama,» akasema. «Huyu wa Bukavu hapana. Huyu mama ndiye anatudai nyavu, na sisi tunamudai hesabu.»

Josué hatakiwi, nachukuliwa mimi. Wiki mbili zilizopita ningecheza kwa hilo. Niliangalia kama kuna furaha popote ndani yangu. Ilikuwepo kidogo. Nimeiona, na nimeona aibu.

Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Studio imefungwa, mlango nusu. Kutoka barabarani nasikia chukudu, zile baiskeli za mbao, zikipita na makaa. Watu wanakwenda kazi zao.

Nyavu zimetoka leo asubuhi. Nilikwenda kuona toka mbali, juu, penye ukuta. Wanaume wanne wakivuta, wakikunja, vipande vya ndala vikigongana. Papa Bwira alikuwa upande wa kushoto.

Espérance alikuwa jiweni na Josué. Sikushuka. Sijaitwa.

Mchana Josué alipita kuchukua picha zake za pasipoti. Nilikuwa nimezikata vizuri. Nyusi yake ya kulia ina kovu, na kwenye picha kovu liko palepale lilipo usoni. Alizitazama, akashukuru. Mlangoni akageuka.

«Docteur anakuja bado na vikombe tatu.»

«Cha tatu ni cha nani?»

«Hakuna mutu anakinywaka. Anakimiminia chai, halafu anaimwanga.»

Akaenda. Nikamwonea wivu hata wa kukijua hicho kikombe. Sidhani utakwisha, huu wivu. Unajua nyumba, una kiti chake. Nimechoka tu kuupikia.

Ujumbe wa Espérance uliingia saa tisa. Albamu iletwe Jumatano. Hakuna salamu mbele, hakuna jina nyuma. Nimeusoma mara nyingi. Nitaipeleka.

Nimefanya kazi mpaka sasa. Zile kumi na mbili nimezirudisha kila moja kwa upande wake, nikazichapa upya. Namba za ishirini kwenda juu nimezibandua kwa maji ya moto, pole pole, zisichane karatasi. Kurasa za mwisho zimebaki tupu, na alama za gundi.

Rozari nimemwacha wa mwisho. Picha ya asubuhi ile, mawimbi kifuani, Papa Bwira nyuma na kasia lake kushoto. Nimeibandika ukurasa wa kwanza, chini ya picha yake ya zamani, na tarehe mbili, ile niliyomwona mara ya kwanza na ile ya Ijumaa. Wengine wote kwenye ukurasa huo wanatazama ndani. Yeye anatazama nje, amewapa mgongo, kama alivyokuwa.

Nimepitisha kiganja juu ya plastiki ili hewa itoke, nikafunga.